Vijiji Vilivyoanza kwa Mchezo

Mtoto wa Rungwe hakosi silaha maadamu mgomba upo, na Rungwe mgomba hauna msimu. Anakata jani moja kubwa na kulichana pande zote mbili mpaka ubaki uti mrefu wa katikati. Juu ya uti huo anachanja ndimi tano au sita, kila moja ikibaki imeshikilia kwenye shina lake, kisha anazisimamisha wima. Akipitisha kiganja kwa kasi toka huku hadi kule, ndimi zinalala moja baada ya nyingine na kutoa mlio: tatatatata! Kujaza risasi ni kuzisimamisha tena. Kesho yake uti umenyauka, jeshi zima linataka bunduki mpya, na mama mwenye migomba anatoka nje kufoka.

Jeshi bila mali halina cha kulinda, kwa hiyo upande wa pili kuna wafinyanzi. Tukuyu, mji wa Rungwe, inapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na kando ya vijito udongo wa kufinyanga upo wa kumwaga. Ng'ombe wa udongo huanza kama donge refu. Anabanwa kwa vidole vinne atoke miguu, anavutwa nundu mgongoni, anachomekwa vijiti viwili vya pembe, halafu anaanikwa juu ya jiwe. Dume hupewa nundu kubwa kupita kiasi, na mwenye dume hilo ndiye anayetamba siku hiyo. Zizi ni vijiti vilivyopandwa kwa duara, mto ni mfereji uliochimbwa kwa kisigino, na mlima ni kichuguu chochote kilicho karibu. Vita huanza pale mmoja anapodai ng'ombe wake ameibwa.

Mpita njia hatasimama kutazama hayo. Lakini katika nchi ya Wanyakyusa, yaani Rungwe hii ya kaskazini mwa Ziwa Nyasa, mchezo wa kujenga kijiji na kupanga jeshi ulikuwa ndio mwanzo wa kijiji chenyewe na jeshi lenyewe. Vijiji vya watu wazima, vyenye wazee wake, mashamba yake na mipaka yake, vilianzishwa na wavulana wa miaka kumi au kumi na moja waliopelekwa kando ya kijiji cha baba zao wakaambiwa: jengeni hapa.

Waliolieneza jambo hili duniani ni mtu na mkewe, Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia waliofanya utafiti Unyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938. Godfrey alifariki mwaka 1944, na Monica akaendelea kuandika peke yake. Kitabu chake Good Company cha mwaka 1951 ndicho kilichoviingiza vijiji vya rika vya Rungwe katika madarasa ya vyuo vikuu ng'ambo. Si ajabu hata leo kuna profesa huko asiyeweza kuionyesha Tukuyu kwenye ramani lakini anajua ipanga, kijiji cha rika, ni nini.

Mambo yalikwenda hivi. Tangu akiwa na miaka kama sita mvulana alichunga ng'ombe wa baba yake pamoja na watoto wa jirani. Huko malishoni hapakuwa na mtu mzima wa kusema nani mkubwa. Waliamua wenyewe kwa mieleka na ngumi, na aliyeshinda ndiye aliyekaa kivulini akimtuma mwenzake kurudisha ng'ombe waliotaka kuingia kwenye maharage ya watu. Walisemana, walihukumiana, walipatana. Alipofika miaka kumi hivi, ng'ombe walikabidhiwa mdogo wake, naye akashika jembe shambani kwa baba. Hapo ndipo alipoacha kulala nyumbani.

Sababu iliyotajwa mbele ya zote ilikuwa haya. Kijana anayekua hastahili kusikia mambo ya usiku ya wazazi wake. Ya pili ilimhusu mke ambaye kijana huyo hajamwoa bado. Kwa Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe, halitamki jina lake, na akikutana naye njiani hujitenga kando mpaka apite. Ukichanganya baba na wana waliooa katika kijiji kimoja, wakamwana watashinda wakirukia vichakani na hakuna atakayefika mtoni. Kuwaweka baba na wana katika vijiji mbalimbali kuliwaondolea wote adha hiyo.

Basi wavulana walijenga. Walianza na matete na mianzi, vibanda vidogo vya kulala wawili watatu, vimejipanga kama walivyoona kwa baba zao. Ujenzi wa baba zao haukuwa wa kubeza: Joseph Thomson, Mskochi aliyepita kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1879, alizistaajabia nyumba za mianzi na udongo za Wanyakyusa na usafi wa vijiji vyao vilivyotulia ndani ya migomba. Mvulana aliyeanza kwa kuiga nyumba hiyo kwa matete alifika mahali akaijua kama fundi. Alibomoa, akajenga kubwa zaidi, akabomoa tena.

Kula, walikula kwa mama zao. Kundi zima lilikwenda leo kwa mama huyu, kesho kwa yule, wakishushiwa ndizi na maharage au mtungi wa maziwa ya mgando. Mama aliyesifiwa ni yule ambaye marafiki wa mwanawe walipenda kurudi kwake, na mwana aliyezoea kula peke yake alisemwa. Mazoea hayo ya kukaa pamoja, kula pamoja na kupiga soga, yaliyoitwa ukwangala, yalihesabiwa kuwa malezi sawa na yale ya shambani. Nadhani hapa ndipo tofauti kubwa ilipo na jamii nyingine zenye marika, zilizowatenga vijana kwa msimu kisha zikawarudisha kwao. Vijana wa Rungwe hawakurudi. Pale walipojenga kibanda cha matete ndipo walipooa, na wengi wao ndipo walipozeekea.

Kuoa kwenyewe kulichelewa. Ng'ombe wa mahari walikuwa mikononi mwa baba, na kijana aliweza kufika miaka 25 kabla hajapata zamu yake. Kwa hiyo kijiji cha rika kilikaa miaka mingi kikiwa kijiji cha wanaume wasio na wake, wenye nguvu na wenye mikuki. Mikuki na majembe vilifuliwa na Wakinga, wahunzi wa Milima ya Livingstone, walioshuka navyo kubadilishana kwa chakula na mifugo. Vita vilipokuja, wavulana waliogombea uongozi malishoni walisimama safu moja, kila mmoja akijua nani wa kukaa mbele na nani hukimbia, maana walijuana tangu wakiwa na meno ya utoto. Na vita havikukosekana. Wasangu wa chifu Merere walivuka kutoka kaskazini, Wangoni walipiga, na mwishoni mwa miaka ya 1880 Mlozi, mfanyabiashara wa watumwa, alikuwa akiisumbua Karonga upande wa pili wa mto Songwe.

Kilele cha yote kilikuwa ubusoka, kutoka hadharani kwa kizazi kipya. Ulifanyika mara moja kwa miaka kama thelathini, wakati vijana wa kwanza wa kizazi wameshaoa na kuzaa. Wana wawili wakuu wa chifu walitolewa mbele ya watu, na nchi ya baba ikagawanywa kati yao. Viongozi wa vijiji, amafumu, waliteuliwa kutoka miongoni mwa raia wa kawaida. Mtoto wa chifu hakuweza kuwa mmoja wao, na hilo liliwapa raia meno. Mioto ya zamani ilizimwa. Moto mpya ulipekechwa kwa vijiti na kugawiwa nyumba hata nyumba. Miti ilipandwa iwe ukumbusho wa siku hiyo. Kisha vijana walitoka mbio kwenda kupora ng'ombe, na kizazi cha baba zao kikasogea pembeni kupisha ardhi. Ilisemwa kuwa chifu mzee hakai sana duniani baada ya hapo.

Fikiria basi alichofanya baba alipomwonyesha mwanawe wa miaka kumi pa kusimika mianzi. Alikuwa akijiandikia notisi ya kuhama, ya miaka ishirini au zaidi mbele, na aliitoa kwa hiari yake.

Hata hivyo picha hii nisiichukue jinsi ilivyochorwa. Imenyooka mno. Simon Charsley, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu watawala wa Kinyakyusa, ni mmoja wa waliorudi kuipitia upya, na ni haki kufanya hivyo. Desturi inayozunguka mara moja kwa miaka thelathini haiwezi kuwa ilifuatwa bila kasoro katika karne ambayo ilikuwa na Wasangu, Wangoni, sotoka iliyoua ng'ombe miaka ya 1890, na Wajerumani waliowashinda Wanyakyusa vitani mwaka 1897. Lazima kulikuwa na vijiji vilivyohamishwa kabla ya wakati, marika yaliyochanganyika, na wazee waliogoma kusogea. Wazee wanaogoma kusogea wako kila zama.

Huko Ulaya nako watu wazima walikuwa wamenogewa na majeshi madogo. Maofisa wa Prussia walikuwa wakicheza vita juu ya ramani tangu mwanzoni mwa karne ya 19, na mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha Little Wars, kitabu cha kanuni za vita vya wanasesere wa askari: mbao na maboksi ndizo vilima, na mizinga ya springi inafyatua vipande vya mti. Wells aliamini kuwa vita vya sakafuni vina faida kuliko vile vya kweli. Kutokana na michezo ya namna hiyo yalizaliwa baadaye majeshi ya mezani ya mashujaa wa kale, wachawi na madubwana, kama ya Warhammer iliyoanza mwaka 1983, ambayo watu hukaa usiku kucha wakiyapaka rangi kwa brashi nyembamba. Ni ufundi wa kweli, siudharau. Ila askari wale mchezo ukiisha hurudishwa kwenye boksi.

Mwaka mmoja baada ya kitabu cha Wells, vita vyenyewe vilifika kwetu. Masoko, kando ya ziwa la kreta kusini mwa Tukuyu, kulikuwa na kambi ya askari wa Kijerumani. Septemba 1914 walivuka kupigana Karonga, wakarudishwa. Mei 1916 majeshi ya Uingereza ya Jenerali Northey yaliingia Tukuyu, ambayo wakati huo iliitwa Neu-Langenburg. Watoto waliochunga ng'ombe miaka hiyo waliona bunduki za rashasha, waliona wapagazi wakipita na mizigo, na walisikia tarumbeta za kuamsha askari.

Walioitwa vitani waliporudi, walirudi na mchezo mwingine. Ngoma ya beni, iliyoanzia pwani kwa kuiga bendi na gwaride la Wazungu, ilisafiri na askari na wapagazi mpaka bara. Kwenye fukwe za Ziwa Nyasa ikachanganyika na ngoma za huko ikawa malipenga, na mganda upande wa Ruvuma. Wanaume wamejipanga mistari, kaptula nyeupe zimepigwa pasi, vibuyu vyenye utando vinavuma mdomoni, na kila kundi lina kapteni wake na sajenti wake. Hakuna mwenye silaha. Kwangu mimi hilo ndilo jeshi la kuchezea lililokomaa kuliko yote katika ukanda huu: vijana wanaotoka kijiji kimoja kwenda kushindana na kijiji kingine, wanalishwa na wenyeji, na wanarudi kwao wakiwa wazima.

Kijiji cha rika chenyewe kilikuwa kinaishiwa nafasi. Kwanza uporaji wa ng'ombe ulipigwa marufuku, na jeshi lisilo na pa kwenda likabaki kundi la vijana tu. Wamisionari Wamoravian walikuwa wamefika Rungwe tangu mwaka 1891, na shule zikawapanga wavulana kwa darasa. Dhahabu ya Lupa huko Chunya, kisha migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na ile ya Afrika Kusini, iliwapa vijana fedha ya mahari bila kusubiri zizi la baba. Lakini kilichofunga mlango kabisa, kwa maoni yangu, ni mibuni na michai. Mtu aweza kuwaachia wanawe shamba la maharage akaanza jingine ng'ambo ya mto. Mwambie aache mibuni aliyoitunza miaka kumi uone atakavyokujibu. Machifu walipofutwa mwaka 1963, ubusoka haukuwa na ardhi ya kusimamia wala mtu wa kuuongoza.

Ila wavulana bado hawalali kwa baba zao. Ukipita leo Tukuyu, Katumba au Kiwira utaona uani, nyuma ya nyumba kubwa, chumba kimoja cha tofali za kuchoma chenye kufuli lake na picha ya Simba au Yanga mlangoni. Hilo ndilo geto. Kijana akimaliza shule ya msingi hupewa, au hujijengea, na marafiki zake watatu wanne hulala humo siku wapendazo. Sahani ya ndizi hutoka jikoni kwa mama. Baba akitaka kuingia hupiga hodi.

Tofauti ni kwamba geto halina pembezoni pa kwenda. Kijana akioa huongeza chumba cha pili, kisha sebule, palepale uani, maana kiwanja kingine hakuna: upande huu michai, upande huu barabara ya Kyela. Kwa jirani yangu mmoja mkamwana na baba mkwe wanatumia bomba moja la maji. Wamelitatua bila kikao. Mzee huchota alfajiri kabla ya adhana ya kwanza ya msikiti wa mjini, akiwa na ndoo zake mbili, na mkamwana hatoki nje mpaka asikie mlango wa mzee umefungwa.