Uhispania: Dola Iliondoka, Maneno Yakabaki

Tembea uone, walinena wazee wetu. Maneno hayo niliyasadiki katika likizo ya majuma mawili niliyoipitisha Andalusia, kusini mwa Uhispania. Msomaji wa Pwani aijua nchi hiyo tangu madrasa: jinsi Tariq bin Ziyad alivyovuka bahari mwaka 711, na jinsi Granada, mji mkuu wa dola ya mwisho ya Waislamu huko, ulivyotiwa mikononi mwa Fernando na Isabel Januari 2, 1492. Lakini leo sikusudii kusimulia vita wala wafalme. Nataka kueleza niliyoyaona sokoni, majumbani na katika vinywa vya watu.

Kwanza ni saa zao. Chakula cha mchana huliwa saa nane au saa tisa, na maduka mengi madogo hufungwa mpaka jua lipungue ukali. Chajio huja saa tatu au saa nne za usiku. Kabla ya hapo watu hutoka nje: wazee na bakora zao, akina mama na watoto wao, vijana na wachumba wao. Hutembea polepole, wakasimama kuamkiana na kuulizana hali. Aliyezoea kukaa barazani baada ya Alasiri kule Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa hataona ugeni.

Nyumba nazo zilinikumbusha kwetu. Katika mitaa ya kale ya Córdoba, ukuta wa njiani ni mweupe, hauna pambo. Uzuri wote umefichwa ndani, katika ua ambao watu wa Lamu wangeuita kiwanda, wenye vyungu vya maua ukutani na mara nyingi kisima katikati. Kila Mei wenyewe hufungua milango watu wakaingia kutazama.

Kwa chakula, Mwislamu na awe na hadhari. Mapaja ya nguruwe hutundikwa madukani kama mikungu ya ndizi, na hata mchuzi wa maharagwe huweza kutiwa kipande. Mimi nilishikamana na samaki, mayai, machungwa, na mkate wa kuchovya katika mafuta ya zeituni, na sikulala njaa.

Siku moja mama mwenye nyumba ya wageni niliyofikia alikuwa akinieleza habari za jirani yake. Hakutaka kumtaja kwa jina, akasema "fulano". Nilimkatiza nikamwambia kuwa sisi nasi husema "fulani". Akacheka sana, akaniita jikoni tutafute mengine. Sukari kwao ni "azúcar". Zeituni ni "aceituna". Meya wa mji huitwa "alcalde", na asili yake ni kadhi. "Hasta" ni hata yetu, kama tusemapo "hata kesho". Mateka huitwa "rehén", nasi tunajua kitu kuwekwa rehani. Na mtu akitamani jambo litokee husema "ojalá", neno ambalo mabingwa wa lugha hulirejesha katika usemi wa Kiarabu wa kumwachia Mungu apendavyo. Lugha mbili zisizojuana, kumbe zimenyonya ziwa moja!

Ndipo nilipozidi kustaajabu, kwani lugha hiyo ya Kiarabu ilipigwa vita kwa sheria. Mwaka 1567 Mfalme Felipe wa Pili alipiga marufuku Kiarabu katika nchi ya Granada, pamoja na mavazi na mila za watu wake. Kisha kati ya 1609 na 1614 wazao wa Waislamu, ambao walikuwa wamekwisha batizwa kwa nguvu, walifukuzwa nchini. Wapatao 300,000 walitolewa, wengi wao wakavushwa kwa majahazi mpaka Afrika ya Kaskazini. Watu wakaenda, lakini maneno yao hayakupanda jahazi.

Majengo hayakupata bahati hiyo. Msikiti Mkuu wa Córdoba, ulioanza kujengwa karibu mwaka 785, uligeuzwa kanisa mwaka 1236, na ungali kanisa hadi leo. Nguzo zake, zaidi ya 800, zimesimama kama shamba la minazi, na mihrabu yake yang'aa kwa dhahabu. Waislamu hawaruhusiwi kusali humo. Nilisimama mbele ya mihrabu, nikamswalia Mtume kimoyomoyo, nikatoka. Faraja niliipata Granada, katika msikiti mpya uliofunguliwa mwaka 2003 ukielekea kasri ya Alhambra. Katika kuta za kasri hiyo, maneno yasemayo hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu yangali yakisomeka.

Nasi wa Mwambao twaweza kupata funzo. Twahangaikia magofu na milango ya nakshi, na ni vyema. Lakini kasri yaweza kutwaliwa na msikiti ukafungwa, ilhali neno lisemwalo na mama akipika hupita kwa mtoto bila idhini ya mfalme. Hatari yetu ni mtoto anayeona haya kusema Kiamu au Kimvita cha nyanya yake. Huyo hakukatazwa na sheria yoyote. Basi tusemeni nao majumbani, tuwatajie vitu kwa majina yake ya kwetu, wangali wadogo.