Kupiga picha ukiwa umevaa miwani

Kila robo mwaka tunapokea picha kutoka kwa vikundi mbalimbali. Nyingi hutufurahisha. Nyingine hutusikitisha, kwa sababu siku ya kufungua pampu ya maji haijirudii, na picha pekee iliyobaki inamwonyesha mwenyekiti bila miguu na nusu ya watu wamekatwa pembeni. Zamani tulidhani huo ni uzembe. Tulipokaa na wapiga picha wenyewe tuligundua jambo jingine: wengi wao wanavaa miwani, na hakuna mtu aliyewahi kuwaeleza namna ya kutumia miwani na kamera pamoja.

Mmoja wao ni mwenzetu, mwalimu mstaafu, aliyekuwa akitupigia picha za mikutano. Siku moja aliiweka kamera mezani na kusema, "Hii imekufa. Ukichungulia ni ukungu mtupu." Kijana wa ofisini akaichukua, akachungulia, akasema, "Mwalimu, kamera ni nzima." Wakabishana kidogo, kila mmoja akiapa kwamba anachokiona ndicho kilichopo. Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Katika makala hii tunaeleza ni kwa nini.

Kilichomo ndani ya kitundu

Tuanze na kitundu cha kuchungulia kilicho nyuma ya kamera. Katika kamera zenye kioo ndani, mwanga hupita kwenye lenzi ya mbele, hugonga kioo kilichoinama, kisha hupanda juu na kuchora picha kwenye kipande cha kioo chenye ukungu. Prizimu iliyo juu yake huiweka picha sawa, ili juu iwe juu na kulia kuwe kulia. Mwishoni kuna lenzi ndogo ambayo jicho lako huangalia kupitia kwayo.

Katika kamera mpya zisizo na kioo hicho, ndani ya kitundu kuna skrini ndogo sana ya elektroniki. Hata hivyo lenzi ndogo ya mwisho ipo vilevile, na kazi yake ni ileile.

Kioo au skrini hiyo iko sentimita chache tu kutoka kwenye jicho. Hakuna jicho la mtu mzima linaloweza kuona vizuri kitu kilicho karibu kiasi hicho. Kwa hiyo lenzi ndogo hulidanganya jicho, lione kana kwamba picha iko mbali zaidi. Katika kamera nyingi zenye kioo, umbali huo ni kama mita moja hivi. Mwenye macho yasiyo na tatizo ataona vizuri. Asiyeona vizuri kitu kilicho umbali wa mita moja bila miwani, ataona ukungu pia ndani ya kitundu.

Jambo la kukumbuka ni hili: ukungu huo uko kati ya kitundu na jicho lako. Kamera ikiwa inatafuta fokasi yenyewe, picha inaweza kutoka safi kabisa hata kama wewe umeona ukungu. Lakini ukizungusha fokasi kwa mkono, utakuwa unakisia tu.

Kigurudumu kidogo chenye kazi kubwa

Kando ya kitundu, katika kamera nyingi, kuna kigurudumu au kitelezi kidogo chenye alama za + na −. Watu wengi hukaa na kamera miaka mingi bila kukigusa. Kazi yake ni kusogeza lenzi ndogo ili ilingane na jicho la mtumiaji. Kipimo chake ni dayopta, kilekile kinachoandikwa kwenye cheti cha miwani. Kamera nyingi huanzia karibu −3 hadi +1. Nyingine hufika mbali zaidi.

Kukirekebisha huchukua dakika moja:

1. Amua kwanza kama utapiga picha ukiwa na miwani au bila miwani. Usibadilishe baadaye.
2. Elekeza kamera kwenye ukuta mweupe au mahali pengine peupe pasipo na michoro. Usiielekeze kwenye jua kamwe.
3. Usiangalie ukuta. Angalia alama zilizomo ndani ya kitundu, yaani mistari, vijisanduku au namba.
4. Zungusha kigurudumu hadi alama hizo ziwe kali na nyeusi vizuri.
5. Pumzisha jicho, angalia mbali kidogo, kisha chungulia tena kuhakikisha.

Mwalimu wetu alikuwa amefanya kosa moja tu, nalo halikuwa lake. Kamera ile hutumiwa na watu watatu. Mtu aliyeitumia kabla yake alikuwa amekizungusha kigurudumu kulingana na jicho lake, au kilijizungusha chenyewe ndani ya mfuko. Kamera ya pamoja ni kama baiskeli ya pamoja: kila anayepanda hurekebisha kiti kwanza.

Uvae miwani au uvue?

Jibu linategemea macho yako.

Wasioona mbali. Hawa huvaa miwani yenye namba za kutoa. Kama namba ni ndogo, kwa mfano −1.50 au −2.00, unaweza kuvua miwani na kuzungusha kigurudumu upande wa kutoa. Tatizo ni kwamba ukiinua uso kutoka kwenye kamera hutawaona watu walio mbele yako. Kwa kazi ya mkutano, ambako unatakiwa kumwona anayesimama kuzungumza, ni afadhali kubaki na miwani. Mwenye namba kubwa, kama −6.00, hatasaidiwa na kigurudumu peke yake.

Wanaovaa miwani ya kusomea. Kuanzia umri wa miaka 40 hivi, lenzi iliyo ndani ya jicho huanza kupoteza uwezo wa kujikunja, na maandishi ya karibu huwa magumu kusoma. Miwani ya kusomea imetengenezwa kwa ajili ya kitu kilicho mkononi. Ukichungulia nayo bila kurekebisha, utaona ukungu. Ni rahisi zaidi kuivua, kuzungusha kigurudumu upande wa kujumlisha, na kuining'iniza miwani shingoni kwa kamba ili uivae unapotazama picha kwenye skrini ya nyuma.

Wenye miwani ya sehemu mbili. Tumia sehemu ya juu unapochungulia, na sehemu ya chini unapotazama skrini ya nyuma. Rekebisha kigurudumu ukiwa unaangalia kupitia sehemu ya juu.

Wenye astigimatizimu. Hapa uso wa jicho haukujikunja sawasawa pande zote, hivyo mistari ya upande mmoja huonekana kali na ya upande mwingine hutawanyika. Kigurudumu hakiwezi kurekebisha hali hiyo hata ukikizungusha hadi mwisho. Kama cheti chako cha miwani kina namba kubwa ya astigimatizimu, baki na miwani.

Kona za picha zinapojificha

Sasa turudi kwenye picha zilizokatwa miguu. Kila kitundu kimepangiwa umbali ambao jicho likikaa linaona picha yote, kona hadi kona. Jicho likirudi nyuma zaidi ya hapo, linaona katikati tu, kama mtu anayechungulia chumba kupitia tundu la ufunguo akiwa hatua mbili nyuma ya mlango.

Miwani ya kawaida hukaa milimita 12 hadi 14 mbele ya jicho. Mpira unaozunguka kitundu nao huchukua milimita kadhaa. Kama kamera imepangiwa umbali wa milimita 17, mwenye miwani anakuwa karibu na ukomo, au ameshaupita. Haoni kona, na hajui kwamba hazioni.

Watengenezaji walilitambua tatizo hili zamani. Mwaka 1982 Nikon ilitoa kamera iitwayo F3HP, ambayo kitundu chake kiliruhusu jicho kukaa milimita 25 nyuma na bado kuona picha yote. Kulikuwa na gharama yake: picha ndani ya kitundu ilionekana ndogo kidogo kuliko katika F3 ya kawaida. Hata leo mabadilishano hayo yapo katika kamera nyingi. Kikundi chako kikinunua kamera, mpya au ya mtumba, tafuta kipimo hicho cha milimita katika kijitabu chake, kwenye ukurasa wa maelezo ya kitundu. Kwa mwenye miwani, milimita 20 au zaidi ni nzuri. Lakini kipimo cha uhakika ni kuichungulia dukani ukiwa na miwani yako.

Kama kamera unayo tayari, fanya hivi:

- Kunja mpira wa kitundu urudi nyuma kama unakunjika, ili jicho lisogee karibu.
- Zungusha jicho kona nne moja baada ya nyingine kabla ya kubonyeza. Sogeza kichwa kidogo ikibidi.
- Rudi hatua moja nyuma. Picha yenye nafasi pembeni inaweza kupunguzwa baadaye. Miguu iliyokatwa hairudi.
- Tazama skrini ya nyuma baada ya picha ya kwanza, kabla watu hawajatawanyika.

Wanaotumia simu hawana kitundu, lakini hawajaepuka tatizo. Simu hushikwa karibu, hivyo mwenye miwani ya kusomea anahitaji kuivaa ili ajue kama picha ni safi.

Kutunza miwani na macho

Lenzi nyingi za miwani siku hizi ni za plastiki, na hukwaruzika kwa urahisi. Kama mpira wa kitundu umechakaa na plastiki ngumu au chuma kimebaki wazi, nunua mpira mwingine. Vumbi la barabarani nalo ni adui. Usilifute kwa shati au kanga likiwa kavu, kwa maana unasugua mchanga kwenye kioo. Osha kwanza kwa maji na sabuni kidogo, kisha kausha kwa kitambaa laini.

Miwani inayogeuka rangi juani hufanya kitundu kionekane chenye giza. Usidhani ni kamera, wala usiongeze mwanga wa picha kwa sababu hiyo. Na tunarudia: usichungulie jua kupitia kamera yenye kioo. Lenzi hukusanya mwanga wa jua na unaweza kuunguza jicho bila maumivu yoyote. Miwani ya kawaida haizuii hatari hiyo.

Kamera inapotutuma hospitali

Tumalizie habari ya mwalimu. Baada ya kumwonyesha kigurudumu, alikizungusha mbele na nyuma. Alama zilikaa vizuri kwa jicho la kushoto. Kwa jicho la kulia ukungu ulibaki, akiwa na miwani au bila miwani. Tukamwomba asiuchukulie kama uzee tu. Alipofika hospitali alikutwa na mtoto wa jicho upande wa kulia. Alifanyiwa upasuaji, na sasa anatupigia picha kama zamani.

Maisha yetu yote tunaangalia kwa macho mawili, na jicho zima hulifichia lenzake udhaifu. Kitundu cha kamera huliita jicho moja litoe ushahidi peke yake. Kwa hiyo, ukirekebisha kigurudumu na bado unaona ukungu, au sehemu ya picha ina kivuli, au mistari iliyonyooka inaonekana imepinda, nenda ukapimwe macho. Presha ya macho huiba uoni polepole bila maumivu, na kilichopotea hakirudishwi. Kuwahi ndiko kunakookoa kilichobaki.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 wana tatizo la kuona, na kwamba kwa bilioni 1 kati yao tatizo hilo lingeweza kuzuiwa au bado halijashughulikiwa. Wengi wa hao wanahitaji miwani tu. Basi anayeivaa asione haya kuivaa mbele ya watu, wala asiwaachie vijana kamera kwa kudhani siku zake zimekwisha.

Maswali ya kujadili katika kikundi

- Ni nani kati yetu hutupigia picha? Je, anavaa miwani? Tumewahi kumuuliza anaona nini ndani ya kitundu?
- Kamera yetu inatumiwa na watu wangapi? Je, kila mmoja anajua kurekebisha kigurudumu?
- Huduma ya kupima macho iliyo karibu nasi iko wapi, na ni nani kati yetu hajawahi kupimwa?