Kidonge Kimoja kwa Siku

Hapa Tanzania watu wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI humeza kidonge kiitwacho TLD. Kilianza kutumika nchini mwaka 2019. Ndani yake mna dawa tatu: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Dawa hizi haziondoi virusi vyote mwilini. Huvizuia visizaane, basi ukiacha kumeza, vinaanza tena.

Meza kila siku kwa saa ile ile. Ukisahau, meza mara utakapokumbuka. Kama zimebaki saa nne au pungufu kufikia saa yako, ngoja saa hiyo. Usimeze viwili kwa pamoja.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili. Vidonge vya kutuliza kiungulia, vile vya kutafuna, hushikana na dolutegraviri tumboni. Dawa haiingii vizuri katika damu. Tuseme wewe humeza TLD saa 2 usiku. Kidonge cha kiungulia kingoje hadi saa 4 usiku. Ukitaka kukitumia mchana, mwisho iwe saa 8.

Mama mjamzito, wewe unapewa vidonge vya kuongeza damu. Usiviache! Vimeze pamoja na TLD wakati wa chakula. Kama tumbo ni tupu, vitenganishe kama tulivyosema juu ya kiungulia.

Mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia rifampisini huongezewa kidonge cha dolutegraviri peke yake, saa 12 baada ya TLD. Kwa hiyo mwambie mganga dawa zote unazotumia, za kisukari, za kifafa, hata za miti shamba. Hatutakugombeza.

Usimgawie mwenzako vidonge vyako, hata mume au mke. Naye apimwe, apewe vyake.

Kopo hulia likitikiswa. Najua wengine huhamishia vidonge kwenye pindo la kanga ili majirani wasisikie. Huko vinapata unyevu na kuharibika. Viache ndani ya kopo, pamoja na kile kipakiti kidogo cha kukausha (hakiliwi), ufunge vizuri. Kama nyumbani huna pa kuweka kopo, tuambie zahanati, tutafute njia pamoja.

Ukiona macho ya manjano, au vipele pamoja na homa, njoo siku hiyo hiyo. Njoo na kopo lako.