Je, Wajua? Waya mmoja huzima pikapu ya dizeli
Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa. Mbona basi pikapu kuukuu, imesheheni mpunga kati ya Mlimba na Ifakara, huzima ghafla kwa hitilafu ya umeme? Kwenye pampu nyingi za dizeli kuna vali ndogo inayofunguliwa kwa umeme. Waya wake ukilegea, vali hujifunga na injini hunyamaza, hata tangi likiwa limejaa. Washa swichi bila kupiga stata, tega sikio kwenye pampu: lazima ilie “tk”. Kimya? Kagua fyuzi, halafu waya wa ethi kwenye chesisi, ambao tope la masika bondeni Kilombero huujaza kutu. Mwisho, pima betri: iliyojaa chaji na kupumzika husoma takriban volti 12.6.