Fomula inapohama: alama ya dola kwenye Excel ina kazi gani?

Tuanze na mahindi. Una vipande vinne vya shamba. Cha kwanza hakina mbolea, hicho ndicho cha kulinganishia. Vingine vimepata kilo 50, 100 na 150 kwa hekta. Unapima urefu wa mimea na kupata wastani wa sentimita 40, 44, 48 na 50, unaziandika kwenye seli B2 mpaka B5. Sasa unataka kujua kila kipande kimefikia asilimia ngapi ya kile kisicho na mbolea.

Kwenye C3 unaandika =B3/B2. Jibu, asilimia 110. Unahakiki kwa kikokotoo cha simu, iko sawa. Basi unashika ule mraba mdogo kwenye kona ya seli, unauvuta kwenda chini, na jedwali linajaa lenyewe: 110, 109, 104.

Ukisoma hizo namba utasema nini? Kwamba mbolea ikizidi, mahindi yanadumaa. Mimi kosa la aina hii nililifanya kwenye data zangu za uzamili, na nilikuwa nimeshaandika aya nzima ya kueleza "matokeo" hayo kabla sijashtuka. Majibu sahihi ya mfano wetu ni 110, 120 na 125. Mbolea inasaidia kila ikiongezwa, ni jedwali tu lililodanganya.

Kumbe Excel, ukiandika B2 ndani ya C3, haishiki anwani. Inashika safari. Kwake fomula ile inasema: "chukua seli iliyo kushoto kwangu, gawanya kwa iliyo juu ya hiyo." Ni kama kumwelekeza mgeni "nyumba ya tatu kutoka hapo ulipo": akisogea, nyumba inabadilika. Kwa hiyo C4 ilipata =B4/B3, na C5 ikapata =B5/B4. Kila kipande kililinganishwa na jirani yake badala ya kile kisicho na mbolea. Seli ya kwanza peke yake ilikuwa sahihi, na ndiyo hiyo hiyo niliyoihakiki!

Dawa ni alama ya dola. Andika =B3/B$2 kisha vuta. Dola iliyo mbele ya 2 inaufunga mstari wa pili, hautahama hata ukivuta mpaka mstari wa elfu moja. Ukiandika $B$2 umefunga vyote viwili, safu na mstari. Hiyo sasa ni "nyumba namba 12", popote ulipo ni ile ile. Kwenye kompyuta nyingi, ukiwa unaandika fomula, bonyeza F4 na dola zitajiweka zenyewe. Kwenye simu, andika kwa mkono tu.

Kwa nini basi zisifungwe zote tangu mwanzo? Kwa sababu kuhama ndiko kunakokuokolea muda. B3 ilitakiwa ihame kuwa B4, halafu B5.

Jaribu hili leo, ndipo utaelewa vizuri. Andika 1 mpaka 12 kwenda chini kuanzia A2, kisha 1 mpaka 12 kwenda kulia kuanzia B1. Kwenye B2 weka =$A2*B$1, vuta kulia, halafu chini. Seli 144 za jedwali la kuzidisha, kwa fomula moja. Safu A imefungwa ila mstari wake unahama, mstari wa 1 umefungwa ila safu yake inahama. Ukizisahau dola, mstari wa kwanza utasoma 1, 2, 6, 24, na mwisho wake, palipotakiwa 12, utakuta 479001600. Kosa la namna hiyo linapiga kelele. La mahindi lilinyamaza, na hilo ndilo la kuogopa.

Wakubwa nao hukosea anwani. Mwaka 2010 wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walichapisha makala iliyosema nchi zenye deni la zaidi ya asilimia 90 ya pato la taifa hukua kwa wastani wa asilimia hasi 0.1. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliinukuu sana walipotetea kubana matumizi. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa uzamivu Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, aliifungua lahajedwali yao akakuta wastani umeishia mstari wa 44 badala ya 49. Nchi tano, Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark, zilikuwa zimeachwa nje. Kosa hilo peke yake halikuwa kubwa sana. Lililoongeza tofauti ni jinsi data zilivyochaguliwa na kupewa uzito. Yeye na walimu wake wawili waliporekebisha yote, wastani ulikuwa asilimia 2.2. Waandishi walikiri kosa la lahajedwali, hayo mengine wakayabishia.

Siku hizi mimi nikishavuta fomula, seli ya kwanza siiangalii tena. Naenda ya mwisho kabisa, naibofya mara mbili. Excel inazizungushia rangi seli zote inazozitumia. Rangi moja ikiwa imekaa juu ya kipande kisicho na mbolea, naendelea. Ikiwa imeteremka, narudi kutafuta dola.