Je, Wajua? Siri za Farasi Wanaovuta Gari Pamoja

Je, wajua kwamba farasi wawili wa gari wanaweza kukanyaga pamoja, mguu kwa mguu, na bado mmoja wao akawa ndiye anayevuta mzigo wote? Mwenye papara hutangulia nusu hatua, mikanda yake ya kuvutia ikakazana, huku mwenzake akijitembelea tu pembeni. Fundi wa kazi hii haangalii miguu kwanza. Huangalia ile mikanda, kisha ule mti mrefu unaotoka mbele ya gari na kupita kati ya farasi. Mikanda ikikazana sawasawa na mti ukanyooka, jozi imepatana, na miguu itafuata.

Je, wajua kwamba dawa ya mwenye papara ni matundu kwenye ngozi? Mjerumani Benno von Achenbach (1861–1936), aliyefundishwa na Mwingereza Edwin Howlett mjini Paris, ndiye aliyeipa jina lake aina ya hatamu inayotumika hadi leo. Hatamu ya kushoto ina mkanda mkuu unaofika kwenye lijamu ya farasi wa kushoto, na mkanda wa pili unaovuka hadi kwa farasi wa kulia. Hatamu ya kulia nayo hufanya vivyo hivyo kwa upande wake. Mkanda mkuu una matundu 11, na kutoka tundu moja hadi jingine ni sentimita 4. Vifungo vikisogezwa, kimoja nyuma na kingine mbele, mwenye papara hushikwa karibu zaidi na mzito hupewa nafasi ya kusonga. Mikono ya mwendeshaji haina haja ya kuvutana na yeyote. Naupenda sana ufundi huu, kwa sababu unaanza kwa kukubali kwamba farasi wawili hawatakuwa sawa hata siku moja.

Je, wajua kwamba rangi ndiyo sehemu rahisi? Weusi wawili hupatikana. Wawili wenye kimo kimoja, urefu wa hatua mmoja na moyo unaoelekeana, hao hutafutwa kwa muda mrefu.

Je, wajua kwamba farasi mchanga hafungwi kwenye gari na mchanga mwenzake? Kwanza hutembezwa peke yake, mwalimu akiwa nyuma kwa miguu na hatamu ndefu mkononi, ajifunze kwenda mbele bila kumwona mtu anayemwongoza. Kisha hukokoteshwa kitu chepesi, kama gogo au tairi, azoee kusikia mburuzo nyuma yake. Ndipo hufungwa ubavuni mwa farasi mzee aliyetulia, na huyo mzee humfundisha mengi kuliko binadamu. Baadaye hubadilishwa upande. Farasi aliyezoea kushoto tu hujipinda, akaegemea mti au akauepuka, na kosa hilo likishakomaa ni gumu kuliondoa.

Je, wajua kazi ya mjeledi? Mpanda farasi huzungumza na mnyama kwa miguu yake. Aliyeketi kwenye gari hana njia hiyo, kwa hiyo ncha ya mjeledi humgusa farasi begani au ubavuni, pale ambapo mguu ungemgusa. Sauti ndiyo hutangulia: jina la farasi kwanza, amri baadaye, ili aliyeitwa ajue ni yeye.

Na vikinga macho? Ngamia wa kinu cha ufuta Unguja alifungwa kidoto asione kabisa. Farasi wa gari huzibwa pembeni na nyuma tu. Mbele anaona, ila haoni magurudumu yanayomfuata wala mjeledi unaomgusa mwenzake. Bila kinga hiyo, unamgusa mzito na anayeruka ni mwepesi.

Je, wajua kwamba kona ndiyo inayomuumbua mwendeshaji? Wa nje ana njia ndefu, wa ndani ana njia fupi, lakini mdundo wa hatua lazima ubaki mmoja: wa nje hurefusha hatua, wa ndani hufupisha.

Farasi wakiwa wanne, mambo huzidi. Wawili wa nyuma hufungwa kwenye mti, na wao ndio hulielekeza gari na kulizuia kwenye mteremko. Wawili wa mbele wakigeuka huku bado wanavuta kwa nguvu, huuburuta mti kwa ndani, gari likakata kona na gurudumu la nyuma likagonga nguzo. Kwa hiyo kabla ya kona hurudishwa kidogo mpaka mikanda yao ilegee, wakageuzwa, huku wa nyuma wakizuiwa wasiwafuate mapema. Hatamu zote nne hukaa katika mkono wa kushoto. Ya kushoto ya wa mbele hupita juu ya kidole cha shahada. Ya kulia ya wa mbele na ya kushoto ya wa nyuma hupita kati ya kidole hicho na cha kati. Ya kulia ya wa nyuma hupita chini ya kidole cha kati. Mkono wa kulia husaidia, na hushika mjeledi.

Je, wajua kwamba somo hili lina zaidi ya miaka 3,000? Kikkuli, mwalimu wa farasi kutoka Mitanni, ana mafunzo yake ya farasi wa magari ya vita yaliyoandikwa kwenye vibao vya udongo na kuhifadhiwa Hattusa, mji mkuu wa Wahiti, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Yanaeleza siku kwa siku: mwendo, chakula, maji, kuogeshwa.

Kladruby nad Labem, huko Ucheki, wanazalisha farasi wa magari ya kifalme tangu 1579. Mwaka 2019 UNESCO iliiingiza mandhari yake katika Urithi wa Dunia.

Je, wajua kwamba Prince Philip wa Uingereza aligeukia mchezo wa kushindana kuendesha magari ya farasi mwaka 1971, alipoacha polo akiwa na miaka 50? Wakati huo alikuwa rais wa Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi, na alisimamia uandishi wa kanuni za mchezo huo. Ubingwa wa kwanza wa dunia wa farasi wanne ulifanyika Münster, Ujerumani, mwaka 1972. Katika zama zetu anayetajwa zaidi ni Boyd Exell wa Australia, aliyetwaa ubingwa wa dunia Kentucky mwaka 2010 na kuurudia mara kadhaa.

Je, wajua kwamba Warusi wana namna yao? Katika troika, farasi watatu huenda sambamba: wa katikati huenda telki ya kasi, wa pembeni hupiga shoti huku shingo zao zimegeuzwa nje. Miendo ni miwili, gari ni moja, na halilali upande wowote.

Na lile gari la dhahabu la wafalme wa Uingereza, lililoanza kutumika 1762 na kumrudisha Charles III kutoka Westminster Abbey tarehe 6 Mei 2023? Lina uzito wa tani 4 hivi, huvutwa na farasi 8 kwa mwendo wa kutembea, na halina kiti cha mwendeshaji. Waongozaji huketi juu ya farasi wa kushoto, kila mmoja akiongoza wake na wa kulia kwake.