Kete Iliyoliwa Haifi

Kuna aina ya mchezo wa kompyuta usio na mambo mengi. Unapewa mchawi mmoja, mifupa michache iliyofufuliwa na kijiji cha kuvamia. Kila askari wa adui anayeanguka huinuka tena, safari hii akiwa upande wako. Vijana wawili watatu wanaweza kuutengeneza bila kampuni kubwa nyuma yao. Na huku kwetu, ambako habari za misukule mtoto huzisikia kabla hajaanza shule, hakuna haja ya kumweleza mtu mara mbili.

Mimi mifupa hainishughulishi. Kinachonivutia ni hesabu. Chukua majeshi mawili, kila moja lina askari 32, kisha wewe upoteze wanne. Wakifa wakaishia hapo, mmebaki 28 kwa 32. Wakifufuka na kuhamia kwa adui, mmebaki 28 kwa 36: pengo limekuwa maradufu. Mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester aliandika mwaka 1916 kwamba, pale ambapo kila askari anaweza kumlenga adui yeyote, nguvu ya jeshi hufuata mraba wa idadi yake. Kwa kipimo hicho, mwenye 32 anamzidi mwenye 28 kwa 1,024 dhidi ya 784, yaani chini ya theluthi. Mwenye 36 ana 1,296, naye anamzidi kwa karibu theluthi mbili. Ndiyo maana michezo hii huelekea kuamuliwa mapema: aliyetangulia kushinda huzidi kushinda, na mwenzake anabaki kusubiri kuzikwa.

Mkoa wa Ruvuma uliwahi kuiona hesabu hiyo ikitembea kwa miguu. Wangoni waliovuka mto Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba waliwaingiza mateka vikosini njia nzima kuja kaskazini, kila ushindi ukiongeza safu. Wamatengo walijihifadhi dhidi yao milimani, kwenye miteremko mikali ya Mbinga wanakolima kwa mashimo ya ngoro hadi leo. Mateka hakuwa mfu, bila shaka. Alikuwa na mama aliyemlilia. Lakini kwa jeshi alikuwa mkuki uliohama upande. Hata meli imewahi kuhama hivyo. Tarehe 13 Agosti 1914 manowari ya Waingereza, Guendolen, iliishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Sphinxhafen, ndiyo Liuli ya sasa wilayani Nyasa. Baadaye meli hiyohiyo ilikarabatiwa, ikaitwa King George na kuwatumikia Waingereza kwenye Ziwa Nyasa.

Sasa tuje kwenye bao, maana hapo ndipo kanuni ya wafu ilipopata akili. Mashimo 32, safu nne, kete 64. Hakuna kete inayotoka mchezoni: ukila za mwenzako unazisambaza upande wako, kuanzia kichwani mwa safu yako ya mbele, na ya mwisho ikiangukia penye kete na mbele yake pana za adui, unakula tena. Adui wa jana anakupigania leo. Kwa mujibu wa hesabu ya hapo juu, bao lilipaswa kuwa mchezo mbovu, wa kumalizika kwa mkupuo wa kwanza.

Haliwi hivyo, na sababu ziko mbili. Kwanza, kete huliwa kwenye safu ya mbele tu. Ya nyuma ni maficho. Waliofufuliwa huanzia mstari wa mbele, kwa hiyo mateka wako wapya ndio walio karibu kabisa na mdomo wa adui. Pili, hushindi kwa wingi wa kete. Unashinda mwenzako akikaukiwa safu ya mbele au akikosa pa kucheza, hata kama nyuma amejaza lundo. Utajiri hapa ni chambo, na aliyezidiwa anaweza kuurudisha mwingi kwa mzunguko mmoja kabla ya kulala, yaani kabla zamu yake haijaisha.

Kompyuta nayo huona tabu. Watafiti wa Uholanzi, Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk, walipoandika programu ya kucheza bao mwaka 2002 walikadiria kuwa hali zinazowezekana ubaoni zinafikia moja ikifuatwa na sifuri 25. Kete moja ikisogea shimo moja, mzunguko mzima unabadilika. Mwenzao Alexander de Voogt, aliyewachunguza mabingwa wa Zanzibar kwa kitabu chake cha mwaka 1995, alishughulika na swali la namna kichwa cha binadamu kinavyofuata mizunguko hiyo bila kugusa kete.

Ng'ambo ya ziwa, Malawi, wanauita bawo na kanuni zinakaribiana sana. Kwa hiyo kijana wa Mbamba Bay anayetaka kubuni mchezo wa jeshi la wafu hana haja ya kuiga wa ughaibuni. Aanze na bao la kujifunza, kete mbili kila shimo, acheze na mzee anayelijua, na aangalie ni mara ngapi aliyekuwa na kete nyingi ameondoka amefungwa.